Tempranillo, Tinto Fino, Cencibel, Tinta Roriz: mgeni wako kasema kweli, ila bosi naye usimcheke

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja anayefanya kazi ya uweita kwenye lodge huko Karatu. Kwa ufupi anasema hivi: kwenye listi yao ya waini nyekundu kuna chupa nne za Ulaya, moja Rioja Crianza (Rioja ni eneo la kaskazini mwa Hispania), ya pili Ribera del Duero ambayo nyuma imeandikwa Tinto Fino, ya tatu Valdepeñas imeandikwa Cencibel, na ya nne ni ya Ureno kutoka Douro, nyuma imetaja Tinta Roriz na majina mengine mawili. Juzi kapata mgeni wa Kihispania akaangalia listi akacheka, akamwambia "hizi zote zabibu ni moja, Tempranillo, mnanipa chaguo gani hapa?" Kamwuliza bosi, bosi kasema huyo mgeni anajifanya mjuaji, haiwezekani ziwe kitu kimoja wakati hiyo ya Ribera bei yake inakaribia mara tatu ya Valdepeñas. Sasa anauliza nani mkweli, na mgeni mwingine akiuliza ajibu nini.

Haya mdogo wangu. Mgeni kasema kweli, ndani ya chupa zote nne ipo zabibu moja nyeusi ambayo jina lake kubwa duniani ni Tempranillo, ila kwenye ile ya Ureno ukweli wake una tundu dogo, nitalifikia. Na bosi wako naye bei anayoiona ni ya haki, alipokosea ni kudhani kwamba bei imetokana na aina ya zabibu. Haitoki huko. Inatoka kwenye shamba liko wapi, waini imelala kwenye pipa muda gani, na jina la eneo lina heshima kiasi gani sokoni.

Mfano ambao kila mtu huku anauelewa ni dagaa wa Ziwa Victoria. Mwanza ni dagaa, ukivuka Kisumu wanakwambia omena, ukifika upande wa Uganda ni mukene, na samaki ni yuleyule, ziwa ni lilelile. Hakuna aliyemdanganya mwenzie. Lakini mama anayejua kupika bado atakuuliza hao dagaa wameanikwa kwenye mchanga au kwenye chanja, maana samaki mmoja ila kwenye sufuria hawatoki sawa. Kwenye Tempranillo ni hivohivo, jina linakwambia imeanikwa wapi, na ndo maana hayo majina bado yana kazi hata baada ya wataalamu kuthibitisha kwamba mmea ni mmoja.

Ilikuwaje ikawa na majina mengi hivi? Mzabibu haupandwi kwa mbegu, ukipanda mbegu ya zabibu unapata mtoto mwenye tabia zake mwenyewe, hafanani na mama. Unakata pingili unaipanda, kama wanavyofanya wakulima wa Dodoma, kwa hiyo kila mzabibu wa Tempranillo ulioko duniani leo ni kipande cha kipande cha kipande cha mche mmoja uliotokea zamani huko Hispania. Wazazi wa huo mche tunawajua, watafiti wa Kihispania waliwataja mwaka 2012 kwa vipimo vya DNA: mmoja ni Albillo Mayor, zabibu nyeupe ambayo bado inalimwa kule Ribera del Duero, na mwingine ni Benedicto, zabibu nyeusi ambayo ilikuwa karibu imepotea kabisa. Ndiyo, mzazi mmoja ni mweupe, na hilo si la ajabu kwenye zabibu, hata Cabernet Sauvignon mzazi wake mmoja ni Sauvignon Blanc.

Sasa hizo pingili zilitembea. Mtawa kabeba fungu anaenda kuanzisha shamba la monasteri, mfanyabiashara kapeleka kwa shemeji yake bonde lingine, mkulima kaiba kwa jirani (inatokea, tusijifanye), na hakuna aliyekuwa anabeba cheti. Ikifika kijiji kipya inapewa jina kwa kile watu wanachokiona. Kuna walioangalia tabia: inaiva mapema kuliko wenzake, na temprano kwa Kihispania ni mapema, ndo Tempranillo. Wakatalani wakaangalia punje wakaona inafanana na jicho la sungura, wakaiita Ull de Llebre. Wengine walitaja kwao tu: Tinta de Toro ni nyekundu ya Toro, mji wa Hispania, Tinta del País ni nyekundu ya hapahapa kwetu. Kusini mwa Ureno wakaiita Aragonez, kwa jina la Aragón, jimbo la Hispania, na kaskazini kwenye mto Douro ikawa Tinta Roriz, Roriz likiwa jina la shamba moja la siku nyingi pale pale kwenye bonde. Katikati ya Hispania, La Mancha na Valdepeñas, ni Cencibel. Na Wamarekani wa California, kwenye mashamba ya zamani yaliyokuwa yanatoa waini ya bei chee, walikuwa wanaiita Valdepeñas, yaani wamechukua jina la mji wakaupa mzabibu. Kwa hiyo ukikuta neno Valdepeñas kwenye chupa ya Hispania ni mahali, ukilikuta kwenye maandishi ya zamani ya California ni zabibu.

Kabla ya DNA kazi ya kusema huu na huu ni mmoja ilikuwa ya watu wanaosoma majani. Kuna Mfaransa mmoja, Pierre Galet, alitumia maisha yake karibu yote akiangalia majani ya mizabibu, pembe za mishipa, meno ya pembeni, manyoya ya chini ya jani, ncha ya chipukizi ina rangi gani. Hiyo fani ilitatua kesi nyingi lakini haikutosha kumaliza ubishi, kwa sababu mmea mmoja ukikaa sehemu moja karne kadhaa unabadilika kidogokidogo. Nenda Toro ukaangalie kichala: punje ni ndogo, ganda nene, rangi inakaribia weusi wa wino. Nenda Rioja, punje ni kubwa kidogo na waini yake ni laini. Mkulima wa Toro ukimwambia hii yako ni Tempranillo tu anakuangalia vibaya, na mimi simlaumu, maana anachokiona kwa macho ni kitu tofauti. DNA ilivyokuja kwenye miaka ya 1990 ndo ikasema jamani ni aina moja, zimepishana kimaumbile tu kwa kuchaguliwa na wakulima na kwa kuzoea mazingira.

Na hayo mabadiliko wakati mwingine yanatokea hadharani kabisa. Mwaka 1988 kwenye kijiji cha Murillo de Río Leza, Rioja, kwenye mzabibu wa kawaida wa Tempranillo, wenye vichala vyeusi kama kawaida yake, tawi moja lilitoa zabibu nyeupe. Tawi moja tu, matawi mengine kwenye mche huohuo yana zabibu nyeusi. Lile tawi likakatwa, likazalishwa, na Tempranillo Blanco yote unayoikuta leo Rioja inatoka kwenye lile tawi. Kwa hiyo siku mgeni akikuuliza kama kuna Tempranillo nyeupe usimwambie anachanganya madawa, ipo.

Turudi kwenye chupa zako, na hapa nataka uzichukue kabisa uziweke mezani wakati unasoma.

Anza na Rioja. Geuza nyuma, utaona stempu ndogo ya bodi inayosimamia waini yao yenye namba na rangi. Kijani ni waini changa au ambayo haijafuata masharti ya muda, nyekundu ni Crianza, nyekundu iliyoiva zaidi inayoelekea zambarau ni Reserva, na bluu ni Gran Reserva. Yako ni Crianza kwa hiyo iwe na ile nyekundu. Maana yake imekaa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa na angalau mwaka mmoja kati ya hiyo imekaa kwenye pipa la mwaloni. Reserva ni miaka mitatu na angalau mmoja kwenye pipa, Gran Reserva ni mitano na angalau miwili kwenye pipa. Hilo pipa lina lita 225, ukigawa unapata chupa 300, na pipa jipya ni mamia ya yuro, na wakati waini imelala hela ya mtu nayo imelala, sasa unaanza kuona bei inakotoka.

Haya mapipa yana historia yake. Katikati ya karne ya 19 matajiri wawili watatu wa Rioja, wenyewe wanajulikana zaidi kwa vyeo vyao, Marqués de Murrieta na Marqués de Riscal, walileta mtindo wa Bordeaux wa kulaza waini kwenye mapipa madogo. Baadae kidogo mdudu filoksera akaingia Ufaransa akaanza kula mizizi ya mizabibu, wafanyabiashara wa Bordeaux wakakosa waini ya kuuza wakavuka milima wakaja kununua Rioja, wakaweka kambi mji wa Haro, na mpaka leo ukienda mtaa wa stesheni ya Haro utakuta kampuni za enzi hizo kama López de Heredia iliyoanza 1877 na CVNE iliyoanza 1879 zimepangana pale karibu na reli. Ila mbao wakachukua sana za mwaloni wa Marekani, na huo mwaloni ndo unaoipa Rioja ya kizamani ile harufu ya vanila na nazi. Watu wengi wanaosema wanapenda Rioja wanachopenda ni hicho, mbao ya Marekani pamoja na zabibu yenye matunda ya stroberi na cheri na ukakasi wa wastani. Utakutana na wageni wa kusema "Tempranillo siipendi, nipe Rioja" na wewe tabasamu tu, fungua chupa.

Halafu jua kwamba Rioja nyekundu mara nyingi ina mchanganyiko kidogo, wanatia zabibu nyingine kama Garnacha, Graciano, au Mazuelo. Sheria ya Ulaya inasema ukiandika jina la zabibu moja kwenye lebo basi angalau asilimia 85 iwe hiyo, lakini Rioja nyingi hawaandiki zabibu kabisa mbele, jina la eneo limewatosha.

Ribera del Duero ndo hiyo ya bei inayomsumbua bosi. Hii iko kwenye uwanda wa juu wa Castilla, mashamba yako mita kama 700 mpaka yanakaribia 1,000. Mchana wa kiangazi jua linaunguza, usiku unatafuta blanketi, na wewe wa Karatu hakuna haja ya kukueleza usiku wa mwinukoni ukoje. Tempranillo kwa asili yake ina uchachu mdogo, ukiilima sehemu yenye joto usiku na mchana inatoka waini nzito isiyo na uhai, bapa, unakunywa glasi moja inatosha. Baridi ya usiku inaulinda ule uchachu. Na wakulima wa pale wamebaki na Tinto Fino yao yenye ganda nene, kwa hiyo waini inatoka nyeusi zaidi, yenye ukakasi zaidi, matunda yake yako upande wa plamu na beri nyeusi, na siku hizi wengi wanatumia mwaloni wa Kifaransa ambao hauna ile nazi. Sheria yao inadai Tempranillo isipungue asilimia 75.

Sasa gharama. Huko juu barafu ya masika inaweza kuja mizabibu ikiwa imeshachipua, Aprili 2017 iliunguza mashamba mengi kwa usiku mmoja, na shamba likiungua hivyo mavuno yanashuka bila kumwuliza mtu. Ongeza jina: kampuni ya Vega Sicilia ipo pale tangu 1864 na waini yake ya Unico inauzwa bei ya gari bovu, eneo lenyewe likapata hadhi rasmi mwaka 1982, na kuanzia hapo kila mtu akataka kuwa na chupa ya Ribera kwenye listi. Kwa hiyo sehemu ya bei ni kazi kweli na sehemu ni sifa. Maoni yangu: kwa hela ileile Toro, ambayo iko chini kidogo ya mto huohuo, mara nyingi inakupa zaidi. Toro wana udongo wa mchanga ambao filoksera haupendi, kwa hiyo kuna mizabibu mizee kabisa imesimama kwenye mizizi yake yenyewe bila kubebeshwa kwenye shina la Kimarekani linalomvumilia mdudu huyo kama ilivyo karibu Ulaya nzima. Waini ya Toro ni ya nguvu, kilevi kiko juu, haina aibu. Mwambie bosi.

Cencibel ya Valdepeñas nitaipitia haraka maana yenyewe haina makuu. Ni uwanda mkubwa wa joto kusini mwa Madrid, mashamba tambarare mashine inapita, mavuno mengi, waini inauzwa ikiwa bado kijana. Zamani walikuwa wanachanganya na Airén, zabibu nyeupe inayojaa kule, ili itoke nyekundu nyepesi ya kunywa kwenye baa. Hata ikiandikwa Crianza kumbuka kwamba sheria ya jumla ya Hispania inataka miezi sita tu ya pipa, Rioja na Ribera ndo waliojiwekea mwaka mzima. Si waini mbaya. Kwa mchana, na mgeni katoka Ngorongoro ana vumbi na njaa na anataka glasi asiyofikiria, hiyo ndo yake, ipoze kidogo umpe.

Ureno ndo kwenye lile tundu la maneno ya mgeni wako. Soma tena nyuma ya hiyo chupa ya Douro, umesema kuna majina mengine mawili, na mimi nabashiri ni Touriga Nacional na Touriga Franca. Hiyo si chupa ya Tempranillo, ni chupa ya mchanganyiko ambayo Tempranillo ni mmoja wa wachezaji, tena si lazima awe kapteni. Wareno wa Douro tangu zamani wanachanganya, shamba moja la kizamani lina aina nyingi zimepandwa pamoja na zinavunwa pamoja. Tinta Roriz ni kati ya zabibu kubwa tano za waini ya Port, ile tamu inayokatishwa kuchachuka kwa kumwagiwa spiriti ya zabibu, wenzake wakiwa hizo Touriga mbili, Tinta Barroca na Tinto Cão. Kwenye waini kavu ya mezani pia inatumika sana, Barca Velha, waini nyekundu maarufu kuliko zote ya Ureno iliyotoka mara ya kwanza 1952, inaitegemea Roriz. Ila wakulima wa kule wana malalamiko nayo: ukiiachia inazaa kupita kiasi, vichala vinajaa, waini inatoka maji. Lazima uipunguzie vichala mapema. Na ardhi ya Douro ni mawe ya kuchanika yaliyokatwa matuta kwenye mteremko mkali, kazi nyingi ni ya mkono, kwa hiyo hata hapo bei inaeleweka.

Ukishuka kusini mpaka Alentejo jina linabadilika linakuwa Aragonez, zabibu ni ileile, na kule kuna joto, waini inakuwa laini na matunda yaliyoiva, mara nyingi wanaichanganya na Trincadeira na Alicante Bouschet. Nchi moja majina mawili, na zote mbili zinaandikwa kihalali kwenye chupa.

Kuna mtego mmoja lazima nikutahadharishe kabla hujaanza kujimwambafai kwa wageni. Zabibu moja kuwa na majina mengi ni nusu ya tatizo, nusu nyingine ni jina moja kubeba zabibu tofauti. Kuna sehemu za Hispania ukisema Tinto Aragonés wanaelewa Garnacha, wakati Aragonez ya Ureno ni Tempranillo. Auxerrois kwenye mji wa Cahors, Ufaransa, ni jina la zamani la Malbec ambayo ni nyekundu kabisa, lakini Alsace Auxerrois ni zabibu nyeupe nyingine isiyohusiana. Kwa hiyo ukikutana na jina usilolijua usikimbilie kusema "hii ni ileile" kwa sababu linafanana, angalia kwanza chupa imetoka wapi. Eneo ndo linakupa jibu.

Na Tempranillo haiko peke yake kwenye hii tabia, unayo mifano stoo kwako tayari. Shiraz ya Afrika Kusini na Syrah ya Ufaransa ni zabibu moja. Grenache, Garnacha na Cannonau ya Sardinia ni moja. Mourvèdre ya Ufaransa Wahispania wanaiita Monastrell na Waaustralia waliiita Mataro. Zinfandel ya California na Primitivo ya Italia ni moja na mizizi yake ilikuja kupatikana Kroatia mwaka 2001, hiyo hadithi yake ni ndefu tuiache. Hata Dodoma, wakulima wanakwambia Makutupora wakimaanisha zabibu nyekundu wanayolima, na Makutupora ni mahali, kituo cha utafiti wa zabibu kiko pale. Njia ni ileile ya Tinta de Toro, pingili zimetoka pale basi na jina linatoka pale.

Sasa mezani useme nini. Mgeni akikwambia hizi zote ni moja, mkubalie, wageni wanapenda weita anayejua na asiyebishana: "Ni kweli, zabibu ni Tempranillo, ila hii ya Rioja ina vanila na ni laini, ya Ribera ni nzito na ina ukakasi, hii ya Douro imechanganywa na Touriga. Leo unakula nini?" Hilo swali la mwisho ndo linalouza chupa. Akisema mbuzi wa kuchoma mpe Rioja bila kufikiria mara mbili, kule kwao chakula chao cha fahari na waini hiyo ni mbavu ndogo za mwanakondoo zilizochomwa juu ya moto wa matawi makavu ya mizabibu, kwa hiyo choma yenu na chupa yao zinajuana. Nyama ya ng'ombe nene yenye mafuta, Ribera, mafuta yanaupoza ule ukakasi. Samaki usimpe hata moja kati ya hizi isipokuwa hiyo Cencibel iliyopoa, na hapo awe anang'ang'ania nyekundu.

Matamshi, maana najua ndo yanakutia wasiwasi na hukuyauliza. Ll ya Kihispania isome kama y, tempraniyo. J isome h nzito, rioha, kama kh ya Mswahili wa pwani anayetamka kheri vizuri. C kabla ya e au i, na z, ni th ileile ya thelathini, kwa hiyo Cencibel ni thenthibel na Crianza ni kriantha. Hapo Mswahili ana bahati, Wafaransa wanateseka na hiyo th mpaka wanazeeka. Roriz ya Kireno z ya mwisho inavutika kuwa sh, rorish. Ull de Llebre sema uy de yebre na uishie hapo, Mkatalani atakusamehe.

Joto la chupa nalo. Kile kitabu kinachosema waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba kiliandikwa kwa vyumba vya Ulaya vya zamani visivyo na hita. Lenga nyuzi 16 mpaka 18. Karatu mwezi wa saba stoo yenu pengine inatosha kabisa, lakini Januari mchana, au ukihamia lodge za chini kule Mto wa Mbu, iweke kwenye friji dakika ishirini na kitu kabla ya kuifungua. Tempranillo ikiwa ya moto kilevi kinapanda puani na ule ulaini wote unapotea, mgeni anadhani mmempa waini mbovu.

Umeuliza pia mwishoni kama Ribera ikiisha unaweza kumpa mgeni Rioja ukamwambia ni zabibu ileile. Usifanye hivyo bila kumwambia utofauti. Aliyeagiza Ribera anataka uzito, ukimletea Crianza laini ya vanila atahisi amepunjwa hata kama umesema ukweli kuhusu zabibu. Mbadala wa karibu ni Toro kama mnayo, na kama hamna basi mpe hiyo Douro, imechanganywa ndiyo, lakini kwa uzito na rangi inasogea zaidi kule anakotaka. Na kwenye listi mwambie bosi aache kuzipanga kwa nchi, chini ya kila chupa aandike mstari mmoja tu: nyepesi, laini yenye pipa, nzito, mchanganyiko. Bei aiache hapohapo ilipo.